Homa Niliyoificha na Mteremko wa Long Mynd

Mwezi uliopita, baada ya ibada, mama mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono akaniambia dada yake ameanza dawa zilezile nilizotumia mimi. Alisema haongei na mtu, anakaa chumbani na mapazia yamefungwa. Akaniomba nimwandikie kitu. Nilimwambia mimi ni nesi, na manesi huandika sentensi fupi kwenye faili za watu. Akasema hizo hizo fupi zinatosha. Basi wewe dada nisiyekujua, haya ni yako. Sitakueleza saratani ya tezi za limfu ni nini, daktari wako atakueleza mpaka uchoke. Nitakueleza kosa nililofanya mimi, ili wewe ufanye mengine.

Kwanza ujue kwamba mimi huendesha baiskeli. Sisemi ile ya kuzunguka mtaa na watoto jioni. Nilianza nikiwa na miaka arobaini na miwili, hapa Brooklyn Park, Minnesota, mahali ambapo kila mtu ana gari na Mkenya akionekana juu ya baiskeli watu hudhani amepatwa na msiba. Mwaka wa kwanza waumini wenzangu walikuwa wakisimamisha magari kando yangu. "Mama Wanjiku, gari imeharibika? Ingia tukupeleke." Mmoja alimpigia mume wangu simu kumuuliza kama kuna shida nyumbani. Baba Wanjiku mwenyewe aliona ni wazimu. Alisema baba yake aliteseka miaka ishirini na baiskeli ya kubebea maziwa ili watoto wake wasikipande tena kitu hicho, na sasa mke wake amevaa suruali ya kubana anakipanda kwa hiari.

Aliyenielewa ni mdogo wangu Nyawira. Yeye anaishi Uingereza, katika mkoa wa Shropshire karibu na mpaka wa Wales, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi yuko kijiji hiki, adhuhuri kijiji kile. Vinjia vyote vya kule anavijua, na ni yeye aliyenichorea mzunguko wa siku tano: Ludlow hadi Clun, Clun hadi Bishop's Castle, kisha kupanda mlima wa Long Mynd na kushukia Church Stretton, halafu Much Wenlock, halafu kurudi Ludlow. Ni barabara nyembamba za gari moja, pande zote mbili zimezibwa na ua wa miti mirefu kuliko kichwa cha mtu, na katikati ya lami nyasi zimeota. Trekta unalisikia kabla ya kuliona. Unapita kijiji kina kanisa la mawe, baa moja, kibanda chekundu cha simu kisicho na simu, na mayai yamewekwa getini bila mwenyewe kuonekana. Mimi niliyezoea barabara pana za Minnesota zilizonyooka mpaka zinachosha, nilipenda kutojua kilichopo nyuma ya kona.

Septemba moja nilisafiri kwenda kwake, tukaanza. Siku ya kwanza, kwenye kilima cha mwisho kabla ya Clun, pumzi iliniisha nikashuka. Sikuwa nimewahi kushuka kwenye kilima. Asubuhi katika nyumba ya wageni niliamka shuka limelowa, nikajiambia ni umri, wanawake wa miaka yangu hutoka jasho. Tulipokuwa tukijiandaa nje, nilishindwa kufunga mkanda wa kofia ya baiskeli chini ya kidevu. Kofia ileile, kichwa kilekile. Nyawira akaja kunisaidia, kidole chake kikagusa shingo yangu upande wa kushoto, kikasimama hapo.

"Dada, hii ni nini?"

Ulikuwa uvimbe mgumu usiouma. Shingo za namna hiyo nimeziona kazini, kwa hiyo nilijua. Nikamjibu kwamba ni baridi tu, nikamwambia apande baiskeli tuende. Yeye hakupanda. Alikaa kwenye ngazi ya ile nyumba na kofia yangu mapajani mpaka nikakubali kurudi.

Oktoba ilikwisha katika vyumba vya kungojea. Hospitali yangu iko upande wa Saint Paul, na chumba chake cha kungojea kina meza yenye picha ya vipande elfu moja, ya kuunganisha. Kila mgonjwa akifika anaweka vipande viwili vitatu, kisha anaitwa. Kulikuwa na mzee mmoja Mzungu aliyejichagulia kazi ya kutafuta vipande vya anga, vyote vya buluu, vyote vinafanana. Tulikutana naye Jumanne nne mfululizo. Jumanne ya tano hakuja, na anga ile ikabaki hivyo hivyo majuma mengi kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa. Mimi pia sikuigusa.

Dawa zilipangwa mara sita, kila baada ya wiki tatu. Ya kwanza iliingia theluji ya kwanza ilipoanguka. Kuna moja nyekundu ambayo nesi huisukuma kwa mkono wake, polepole, amevaa gauni la kujikinga, na wewe unajiuliza ikiwa yeye anaogopa isimguse ngozi, mimi inaniingia mshipani nifanyeje. Nywele zilianza kubaki kwenye mto kabla ya dozi ya pili. Chakula kikawa na ladha ya kijiko. Kitu pekee kilichoshuka kooni ni supu ya tambi ya Wavietnamu, pale mtaa wa Frogtown, na Baba Wanjiku alikuwa akipitia hapo kila tukitoka hospitalini. Yeye hakuipenda. Alikuwa akiagiza na yake hata hivyo, anakula majani yake yote, ili mimi nisile peke yangu. Wanjiku, binti yetu wa miaka kumi na sita, alinichora nyusi kila Jumapili kwa penseli. Ulimi wake akiwa kwenye kazi hiyo hutokeza nje kidogo kama alipokuwa mtoto.

Watu wa kanisani walikuja, kama tunavyokuja sisi, wengi na bila kupiga simu. Githeri, chapati, sufuria za wali. Lakini kinga yangu ilikuwa chini na sikutakiwa kukaribiana na watu, kwa hiyo Baba Wanjiku akageuka bawabu. Alisimama mlangoni na koti lake la baridi, anapokea sufuria, anasema, "Asanteni sana, amelala," huku mimi nimesimama nyuma ya pazia nawahesabu.

Yeye hupeleka mikate madukani kwa lori, anaanza alfajiri na saa sita mchana amemaliza. Siku ya kwanza kabisa nesi alipotufundisha sheria za nyumbani, alisikiliza kama mwanafunzi wa mtihani. Joto lipimwe asubuhi na jioni. Likifika thelathini na nane, piga simu hapohapo, na usimeze chochote cha kushusha homa kabla ya kupiga. Kwa mtu aliye katika kemo homa hiyo ni kama moto katika nyumba ya makuti. Akaenda kununua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaning'iniza kalamu kwa uzi. Mimi nilicheka. Nimewapima watu joto miaka kumi na minne kwenye nyumba ya wazee kule Oakdale, na sasa dereva wa lori ananifundisha.

Chini ya nyumba, kwenye besmenti, nilifunga baiskeli yangu kwenye chuma cha mazoezi ili gurudumu lizunguke bila kwenda popote. Ukutani nikabandika ramani ya Shropshire. Nyawira alijifungia simu kifuani akawa ananirekodia vinjia anapotoka kwa baiskeli kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Anapumua, anaimba kidogo, anasema, "Hapa ni mteremko, Dada, funga breki," nami chini ya nyumba yangu, theluji imefunika dirisha, nafunga breki. Siku nzuri nilikwenda dakika kumi. Siku mbaya nilikaa tu juu ya kiti, na kanda ikaenda bila mimi.

Nyawira alikuwa ameombea likizo wiki mbili za kwanza za Juni. Kazini kwao likizo za kiangazi hugombaniwa, ukikosa unangoja mwaka ujao. Nilipiga hesabu mara nyingi sana. Dozi ya sita mwisho wa Februari, picha ya kuangalia kama ugonjwa umeisha mwezi wa Aprili, Mei ya kujenga miguu, Juni niko Ludlow. Hesabu hiyo haikuwa na nafasi ya kuchelewa hata kidogo. Na sitakudanganya: haikuwa habari ya baiskeli peke yake. Mwaka ujao sikuwa na hakika nao. Juni niliweza kuiona, na baada ya Juni sikuona kitu.

Ilikuwa Jumapili ya Januari, siku kumi baada ya dozi ya nne. Baba Wanjiku alikwenda kanisani, Wanjiku yuko chumbani na vitabu vyake. Nilihisi mgongo umemwagiwa maji baridi. Nikapima. Thelathini na nane nukta mbili.

Nilikaa na kipimajoto mkononi na nikafikiri kama nesi, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilijua wataniita. Nilijua watanilaza, dozi ya tano itasogezwa, ya sita itaifuata, na Juni itakwenda. Nikajiambia ni mafua, wenye mafua nimewahudumia mia, nitajiangalia mwenyewe. Waswahili walisema mganga hajigangi, lakini aliyesema hivyo hakuwa na likizo ya mdogo wake mezani. Nikameza panadol mbili. Baada ya saa moja nikapima tena, thelathini na saba nukta tatu, nikaenda nikaandika kwenye daftari: 37.3. Nilijiambia si uongo kwa sababu ndivyo kilivyosoma. Jioni ilipanda tena nikameza tena, nikasubiri tena, nikaandika 37.4. Baba Wanjiku alirudi akaangalia ukurasa, akasema, "Uko poa leo," akaniletea chai.

Jumatatu shule zilifungwa kwa ajili ya baridi kali, na ninamshukuru Mungu kwa baridi hiyo. Saa nne asubuhi nilishuka besmenti kuchukua nguo, sikuweza kupanda ngazi kurudi. Nilikaa kwenye ngazi ya tatu. Wanjiku alinikuta hapo meno yakigongana, midomo imekuwa ya buluu.

"Mom, your lips are blue."

"Niko sawa, mama. Niletee blanketi."

"No. You're not okay." Simu ilikuwa tayari sikioni. Alipiga ya dharura kwanza, akampigia baba yake baadaye. Mimi naye tulikuwa tumezoea kuongea, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, na siku hiyo hakunisikiliza kwa lugha yoyote.

Hospitalini Baba Wanjiku alifika na nguo za kazi, unga wa mkate kwenye viwiko, na daftari kwapani. Daktari wa zamu aliuliza homa imeanza lini. Presha yangu ilikuwa inashuka na walikuwa wanahangaika kutafuta mshipa wa pili. Baba Wanjiku akafungua daftari akamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa kujivunia kabisa. Jana asubuhi hakuwa na homa. Jana jioni hakuwa na homa. Imeanza leo, daktari, sisi tunapima kila siku.

Nilimsikiliza akinitetea. Niliona daktari anaandika "leo". Kwa miaka yangu ya unesi najua neno hilo moja lina maana gani, watatafuta nini na hawatatafuta nini.

"Jana," nikasema. "Tangu jana asubuhi. Nilikuwa nameza panadol."

Daktari hakunilaumu, aligeuka akaanza kutoa maagizo upya na chumba kikajaa watu. Baba Wanjiku alisogea ukutani kuwapisha. Alifunga daftari. Alilishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu anayengoja kuitwa ofisini, na hakunitazama.

Nililazwa siku nane. Siku mbili za kwanza sizikumbuki vizuri, na wenzangu wauguzi waliniambia baadaye kwamba saa sita zaidi pale ngazini zingenimaliza. Baba Wanjiku alikuja kila siku baada ya kazi, anakaa kitini, haongei. Siku ya nne aliongea.

"Mama alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani ni maneno tu ya wazee."

"Nisamehe."

"Ulitaka nini, Mama Wanjiku? Nieleze nielewe."

"Nilitaka Juni."

"Juni ziko nyingi."

"Kwako."

Alilinyoosha shuka langu miguuni. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa sijawahi kukagua neno lako. Ukisema umelipa stima, umelipa. Ukisema mtoto amekula, amekula. Sasa itabidi nikague." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Niliporudi nyumbani ramani haikuwa ukutani. Aliikunja akaiweka kwenye droo, na sikumuuliza. Tangu siku hiyo kipimajoto kilikaa mfukoni mwake. Asubuhi aliniuliza, "Unajisikiaje?" nikamjibu, halafu akanipima hata hivyo, akasoma namba kwa macho yake mwenyewe chini ya taa. Nikisema nimekula aliangalia sahani. Nikisema nimelala alimuuliza Wanjiku. Dada yangu, sindano nilizivumilia, upara niliuzoea, lakini kuulizwa halafu kupimwa, kila siku ya Mungu, kulinikondesha kuliko dawa. Wala sikuwa na haki ya kulalamika.

Dozi ya tano na ya sita zilichelewa, kama nilivyojua. Nilimaliza katikati ya Machi, theluji imekuwa nyeusi kando za barabara. Vidole vyangu, vilivyoanza kufa ganzi Februari, ndipo vilipozidi. Mojawapo ya zile dawa hufanya hivyo. Wanjiku alinifunga vifungo vya blauzi. Nilishika kikombe nikidhani nimekishika, nikakisikia kikivunjika sakafuni. Daktari wangu, mama mpole mwenye miwani myekundu, aliniuliza kuhusu vidole nikamwambia, "Kidogo tu." Baba Wanjiku alikuwa amekaa hapohapo. Unaona ninavyojifunza haraka.

Picha ilipigwa mwisho wa Aprili, tukangoja majibu siku tatu. Siku hizo tatu tulikuwa wapole sana sisi kwa sisi, tunapishana kwenye korido tunaombana radhi. Simu ilipoita tulikuwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya duka. Daktari alisema hauonekani ugonjwa popote. Baba Wanjiku aliweka paji la uso kwenye usukani akalia, na honi ikalia naye, watu wakageuka.

Alipomaliza kujifuta alisema, "Basi twende hiyo Juni."

"Nani?"

"Sisi. Wewe na baiskeli mbele, mimi na gari nyuma. Na kipimajoto."

Mei yote nilifanya mazoezi kwenye njia za baiskeli kando ya Mississippi. Ni tambarare. Huhitaji breki, unaacha tu kukanyaga. Nilipohitaji kusimama nilibana kwa kiganja kizima na uzito wa mwili, ikakubali. Nikajiambia vidole vitarudi vyenyewe.

Juni tulifika Ludlow. Baba Wanjiku alikodi kigari kidogo sana, magoti yake yanagusa usukani, akafurahi kuendesha upande wa kushoto kama nyumbani. Furaha ilidumu mpaka kinjia cha kwanza, alipokutana na trekta uso kwa uso akarudi nyuma umbali wa kiwanja cha mpira, ua wa miti ukikwangua pande zote. Mwenye trekta alipopita alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na hiyo ndiyo salamu yao. Baba Wanjiku alikipenda kidole kile. Kufika jioni alikuwa anamnyanyulia kila mtu, hata kondoo.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Kilima kile kilichonishusha Septemba nilikipanda polepole, nikilia kwa furaha, nikajifuta kabla gari halijafika. Asubuhi Baba Wanjiku alinipima, nilikuwa sawa.

Siku ya pili, kutoka Clun kwenda Bishop's Castle, kulikuwa na mteremko mfupi unaoishia kwenye njia panda. Nyawira alikuwa mbele, ameshapita. Gari lilikuwa nyuma, limezuiwa na kundi la kondoo. Nilibana breki. Nilidhani nimebana. Baiskeli iliendelea kana kwamba nimemwambia mtu mwingine, nikatokea barabarani, na lori la maziwa likapita mbele ya gurudumu langu, karibu hivi kwamba nilihisi joto lake usoni. Nilisimamia kwenye nyasi ng'ambo. Dereva wa lori hakuniona. Nyawira hakuona. Baba Wanjiku alipofika alinikuta nimesimama nakunywa maji.

"Vipi?"

"Salama. Nilikuwa nakungoja."

Jioni ile Bishop's Castle nilikula vizuri, nikacheka, na ndani yangu niliogopa sana. Niliogopa lori, na niliogopa kwamba neno "salama" lilinitoka bila kujikwaa.

Siku ya tatu ndiyo ya Long Mynd. Upande wa magharibi mlima huo unasimama kama ukuta, niliusukuma nusu ya njia kwa miguu na sikuona aibu, hata Nyawira alisukuma. Juu ni peupe, upepo mtupu, farasi wadogo wa porini, na ndege zisizo na injini zikipita kimya juu ya vichwa vyetu. Kisha barabara inafika mwisho wa uwanda na kuanza kushuka kwenda Church Stretton. Tulisimama hapo. Baba Wanjiku alitoka kwenye kigari na chupa ya chai.

Nyawira alinionyesha kwa kidole. Barabara ni ya gari moja, inashuka kwa ukali kuliko ngazi za kanisa. Upande wa kushoto, upande wetu, ardhi inakatika mpaka bondeni, na hakuna ukingo, ni nyasi halafu hewa. "Usiachie breki mpaka chini kabisa, Dada. Ukiachia katikati hutaikamata tena. Mimi natangulia, tutaonana kule chini, kwenye mkahawa wa keki." Akavaa miwani akashuka, na mara akawa nukta.

Nilishika breki zangu. Mkono wa kulia nilihisi kitu. Wa kushoto niliutazama ili nijue kama umefunga. Baba Wanjiku alikuwa ananimiminia chai, anaongea kuhusu zile ndege, anauliza huwa zinashukaje. Ningeweza kunywa chai ile, nikarudisha kikombe, nikapanda. Nilijua kabisa kwamba naweza kufa hapa, mwezi wa pili tangu niambiwe nimepona, na nilijua pia kwamba ulimi wangu ulikuwa umeshaandaa neno "salama".

"Baba Wanjiku. Vidole vyangu havisikii breki."

Kikombe kilisimama. "Tangu lini?"

"Tangu Februari. Sikusema. Jana pale njia panda lori la maziwa lilinikosa kidogo tu, nikakwambia nakungoja."

Nilisubiri anichape kwa maneno. Ningekubali yote. Aliweka chai juu ya gari, akachukua mkono wangu wa kushoto akautoa glavu. Akabonyeza kidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo.

"Hiki?"

"Hapana."

"Hiki?"

"Hapana."

"Hiki?"

"Kidogo. Kidogo kweli."

Akatoa na glavu ya kulia, akabonyeza mpaka vyote kumi vikaisha. Kisha akanirudishia glavu, kidole kwa kidole, kwa sababu mwenyewe ningechukua robo saa. Upepo ulimtoa machozi, au haukuwa upepo.

"Ingia gari," akasema. "Baiskeli tutairudia."

"Nataka kufika chini kwa miguu yangu."

Aliangalia mteremko, akaniangalia. "Basi tutatembea."

Akakifunga kigari akakiacha palepale kwenye nyasi, akashika baiskeli yangu upande wa bondeni, mimi nikashika mkono wake wa ndani, tukashuka. Vijana wawili waliokuwa wakipanda na baiskeli zao, ndimi nje, walitutazama kwa mshangao, kwa maana watu husukuma wakipanda, hakuna asukumaye akishuka. Baba Wanjiku aliwanyanyulia kidole. Tuliposhuka nusu ndipo nilipokumbuka kwamba gari liko juu na yeye ndiye dereva. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alirudi kulifuata alasiri kwa miguu, akanung'unika wiki nzima.

Sehemu zilizobaki tulizimaliza kwa utaratibu huo: nikipanda napanda, tambarare naenda, mteremko natembea. Vidole vimerudi nusu, daktari wangu anajua vyote kumi kwa majina. Lakini ninachotaka ubaki nacho, dada yangu, wewe uliyefunga mapazia, ni asubuhi iliyofuata pale Church Stretton. Niliamka mwili mzito. Baba Wanjiku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za viatu, miguu inamuuma kwa kuupanda mlima mara ya pili.

"Umeamkaje?" akauliza.

"Nimechoka, na magoti yanauma. Homa sina."

Nikasogea karibu, kama kawaida, nikasubiri anipime.

"Haya," akasema, akainuka. "Twende tukanywe chai."